Deraya na Tundu Lake

Mashabiki wa Warhammer 40,000 wana chapeo moja ambayo wamekuwa wakiigombania kwa karibu miaka arobaini. Mbele imechongoka mithili ya mdomo wa kunguru, na katika vitabu vyao inaitwa Corvus. Wako wanaoapa kwamba bila chapeo hiyo askari wa anga za juu hana sura. Wako wanaosema ni kichekesho, kwamba hakuna jeshi lenye akili linaloweza kumvisha mtu kofia inayomzuia kuona hata vidole vyake vya miguu. Ubishi huo ukiusikia mara ya kwanza utasema hawa wamekosa kazi. Ukiusikiliza mpaka mwisho, utakuta ndani yake swali ambalo wasimulizi wa vita hawajawahi kulikwepa: shujaa akivishwa kwa ajili ya vita, nani mwenye kauli juu ya vazi lake, aliyemfinyanga au aliyemsimulia?

Naliuliza swali hili nikiwa Mponde, upande wa Bumbuli, ambako habari za kiwanda cha chai kilichosimama mwaka 2013 zina wasikilizaji wengi kuliko habari za mwaka wa elfu arobaini. Sanamu za plastiki kutoka Uingereza hatuzioni huku. Lakini Usambara ina uzoefu wake wa sanamu ndogo, wa mashujaa wasiodhurika na wa kubishania nani kaisimulia habari sawasawa. Nadhani uzoefu huo unalifungua swali vizuri kuliko wanavyolifungua wenye mchezo wao.

Mchezo wenyewe kwanza. Mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop, ambayo makao yake sasa yako Nottingham, ilitoa kitabu kilichoandikwa na Rick Priestley. Ni vita vya mezani. Kila mchezaji ana jeshi la sanamu ndogo, amezikata mwenyewe, kaziunga kwa gundi na kuzipaka rangi. Huzisogeza kwa kupima kwa rula na huamua nani kafa kwa kurusha dadu. Binadamu wametapakaa kwenye nyota chini ya mfalme aliyekaa juu ya kiti cha dhahabu, hayuko hai wala hajafa. Kuna meli za anga na bunduki za kila namna, na pembeni yake kuna mashetani, uchawi na mapanga yaliyolaaniwa. Ni sayansi na ngano kwa pamoja, na hakuna anayejali kuzitenganisha.

La kushika hapa ni kwamba sanamu ilitangulia. Askari wa kwanza wa aina hii alichongwa na Bob Naismith na kuuzwa mwaka 1986, kabla kitabu hakijatoka. Mwaka uliofuata likaja boksi la plastiki lenye askari 30, wenye ile midomo ya kunguru, na vijana wa Uingereza wakalinunua kwa fujo. Wakati huo hakuna aliyekuwa na maelezo ya kwa nini chapeo imechongoka. Ilichongoka kwa sababu mchongaji aliiona hivyo.

Maelezo yalikuja baadaye, na hapo ndipo penye utamu. Tazama bega la askari huyo. Moja ya mabamba yake limejaa njumu za mviringo, zimepangwa safu kwa safu. Kwa macho ya mchongaji ni pambo: zinashika rangi vizuri, zinavunja uwazi wa bamba tupu. Lakini msomaji hakubali pambo tupu kwenye vita, anataka sababu. Basi ikaandikwa kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe viwanda vilikatika, vifaa vikawa haba, na mafundi wakalazimika kupachika bamba juu ya bamba kwa njumu ili deraya zilizovunjika zirudi kazini. Njumu zikawa kovu la uhaba. Vivyo hivyo kwa aina nyingine zote: kila sanamu ya zamani iliyopitwa na wakati ikapewa namba, jina na nafasi yake katika historia ya miaka elfu kumi, kana kwamba mabadiliko ya ufundi wa plastiki ya kiwanda yalikuwa mabadiliko ya majeshi ya nyota. Mwaka 2022 kampuni ilirudisha mdomo wa kunguru katika boksi jipya lenye askari 40 wa aina hiyo, na wazee waliokuwa watoto mwaka 1987 wakanunua tena.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema jibu limepatikana: mchongaji anatangulia, mwandishi anafuata akiokota. Mashabiki wengi huishia hapo. Mimi siishii hapo, kwa sababu ya riwaya.

Riwaya ya kwanza ya ulimwengu huu, Inquisitor, ilitoka mwaka 1990, na mtunzi wake ni Ian Watson. Jina hilo lina uhusiano na sisi ambao hautajwi sana: Watson, kabla hajawa mtunzi anayejulikana, alifundisha fasihi Dar es Salaam kati ya 1965 na 1967, kisha akaenda Tokyo. Sidai kwamba askari wake wa nyota waliwahi kutembea Kariakoo. Nasema tu kwamba mtu wa kwanza kuzipa sanamu zile riwaya alikuwa amekwisha kuishi mahali ambapo Uingereza haikuwa kitovu cha dunia.

Na tazama alichokifanya. Mwaka 1993 alitoa riwaya ya pili, Space Marine, juu ya vijana watatu wanaochukuliwa kutoka mji uliooza na kufanywa askari. Angeweza kujaza kurasa kwa deraya, maana ndiyo iliyokuwa ikiuzwa. Badala yake alikwenda kwenye nyama. Kuna kifaa cha kuadhibu kinachomvaa askari mwili mzima na kumuunguza mishipa ya fahamu bila kumjeruhi. Kuna askari wanaochora nakshi kwenye mifupa ya mikono ya wenzao waliokufa. Deraya ipo, lakini mwandishi ana hamu ya kujua kilichomo ndani. Baadhi ya mambo aliyoandika hayakulingana na historia iliyokubaliwa baadaye, na riwaya ikakaa miaka mingi bila kuchapwa tena. Miongoni mwa mashabiki mpaka leo kuna wanaoisoma kama uzushi na wanaoisoma kama chanzo. Mimi niko na hao wa pili, kwa sababu Watson aliona mapema kitu ambacho waliomfuata walikuja kukigundua polepole.

Kitu chenyewe ni hiki. Sanamu haitaki tundu. Itashikwa mkononi, itageuzwa, itatazamwa kisogoni na kwapani, na popote palipo wazi mnunuzi ataona fundi amelala. Mchongaji anaziba kila mahali. Riwaya kinyume chake haiwezi kwenda bila tundu. Askari asiyepenyeka hana habari. Atashinda ukurasa wa kwanza, atashinda wa mwisho, na msomaji atalala katikati. Kwa hiyo mchongaji akimaliza kuziba, mwandishi anakuja kutoboa. Ubishi wa mashabiki kuhusu deraya, ukiuchuja, ni ubishi juu ya mahali tundu lilipo na nani ana ruhusa ya kulitoboa.

Mfululizo mkubwa wa Horus Heresy, uliofunguliwa na Dan Abnett mwaka 2006 na kufungwa mwaka 2024 baada ya vitabu zaidi ya 60, umejengwa juu ya tundu moja. Horus ni jemadari asiye na mfano, mwana kipenzi wa mfalme. Katika kitabu cha pili, cha Graham McNeill, anajeruhiwa kwa upanga uliolaaniwa, upanga ulioibwa na mtu wa upande wake mwenyewe na kupelekwa alipotakiwa uwe. Deraya yake ni bora kuliko zote katika nyota zote. Haimsaidii kitu. Kidonda hakiponi, anapelekwa kutibiwa mahali pasipofaa, na kutoka hapo dunia nzima inaharibika.

Sasa nani miongoni mwetu anayesoma habari hiyo asimkumbuke Fumo Liyongo? Silaha haikumwingia, isipokuwa sindano ya shaba, tena ya kitovuni. Siri hiyo aliijua yeye na mama yake, na aliyetumwa kuitafuta alikuwa mwanawe wa kumzaa, kwa ahadi ya cheo na mke. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitunga habari hiyo kwa utendi mwaka 1913, lakini simulizi ni la zamani zaidi. Ubora wake uko kwenye kinachofuata baada ya kuchomwa. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima na kufia pale pale akiwa amelenga. Mji mzima unakaa na kiu, watu hawathubutu kusogea, mpaka mama yake anapokuja na mwili kuanguka. Hapo Liyongo amekuwa sanamu. Amekufa, ameshatobolewa, lakini umbo lake bado linafanya kazi ya deraya. Sijaona mahali pengine ambapo umbo na hadithi vimewekwa kwenye mizani moja kwa ustadi kama huo.

Mfano mwingine si wa ngano. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, na wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Nayaita maji hayo deraya bila kusita, kwani yalifanya kile deraya inachofanya: yaliwapa watu wa makabila tofauti sare moja na moyo wa kusogea mbele. Yalikuja na miiko, ya kujizuia na wanawake na ya kutopora mali. Watu walipoanza kuanguka, maelezo yaliyokuwa karibu ni kwamba mwiko umevunjwa. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 alikwenda moja kwa moja kwenye tundu hilo, kwenye shaka ya mwenye maji mwenyewe. Anayetaka kuelewa kwa nini waandishi wa Warhammer huwapa askari wao imani ya kidini inayoyumba, asome Hussein kwanza.

Kinga yetu, kwa ujumla wake, imekuwa ya ndani ya mwili, na kila mara imekuja na sharti. Chale zilizopakwa dawa, hirizi, kitu kilichonywewa, mwiko wa kushika. Cha ajabu ni kwamba ulimwengu ule wa Nottingham nao umefika huko huko. Askari wao hawezi kuvaa deraya yake kama koti. Kwanza anapandikizwa viungo vipya kifuani na tumboni, na mwisho kabisa utando mweusi chini ya ngozi ambao ndio unaounganisha mishipa yake na vyuma. Bila utando huo deraya ni jeneza zito. Ukimweleza mzee wa Usambara jambo hilo hatashangaa hata kidogo. Atauliza tu ni nani aliyemchanja, na alimpa mwiko gani.

Juu ya rangi na alama sitakaa sana, ingawa mashabiki hukaa miaka. Askari wa Warhammer hubeba nembo ya kikosi chake begani, na mpenzi anayejua humtambua kwa mbali. Katika nyika zilizo chini ya milima hii, ngao ya Mmasai ya ngozi ya nyati ilisomeka hivyo hivyo: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijivu, michoro iliyoonyesha ni wa upande gani na wa rika gani, na alama ya ushujaa ambayo mtu hakujichorea kwa kujipendea. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi ya filamu ya Black Panther na kupata Oscar mwaka 2019, alichukua wekundu na shanga za Kimasai akawavika walinzi wa mfalme, na dunia ikaona jipya. Ndani ya Warhammer kwenyewe Afrika ni nyembamba. Wako Salamanders, kikosi cha wahunzi wenye ngozi nyeusi kama makaa na macho mekundu, na mashabiki wamebishana sana kama hao ni watu weusi au ni watu waliobadilishwa na mionzi ya sayari yao. Jibu rasmi ni mionzi. Ni jibu la kukwepa, na linajulikana hivyo.

Turudi kwenye swali la sanamu na maneno, maana Usambara ina ushahidi ambao haumo katika ubishi wa Nottingham. Mwaka 1956 Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya utafiti kwa serikali ya Tanganyika, alichapisha London kitabu juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika katika mafunzo ya unyago na jando. Vingi vilitoka kwa Washambaa, Wazigua na Wanguu. Ni vitu vidogo vya kushika mkononi, vya udongo usiochomwa, vimepakwa rangi na madoa: watu, wanyama, vyombo vya nyumbani. Kila kimoja kina wimbo wake. Ukikitazama bila wimbo unaona mtu mwenye tumbo kubwa, basi. Ukifundishwa wimbo, unajua tumbo lile ni onyo gani na linamhusu nani. Na wimbo wenyewe ni fumbo, hauelezi kila kitu. Mwalimu ndiye anayeufungua, kwa mwali aliye mbele yake, siku ile.

Siingii ndani ya mafunzo hayo, yana wenyewe. Ninachokichukua ni utaratibu. Kwetu hakuna aliyeuliza kama kinyago kinautawala wimbo au wimbo unakitawala kinyago, kwa sababu kauli haikuwa kwenye kimoja wala kingine. Ilikuwa kwa aliyekalia kiti cha kufundisha. Mashabiki wa Warhammer nao, ukichunguza, wanaishi hivyo bila kukiri: kampuni ndiyo inayokalia kiti. Ndiyo inayoamua riwaya ya Watson ikae kando, ndiyo inayoamua mbilikimo wa anga waliotupwa miaka ya tisini warudi mwaka 2022 kwa jina jipya. Tofauti ni kwamba mwalimu wa jando hakuwa na hisa kwenye soko la London. Games Workshop iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko hilo mwishoni mwa 2024, na kiti cha aina hiyo kina hesabu zake.

Kuna kinachobadilisha mambo kwa msomaji wa huku. Boksi la askari halifiki Mponde kwa urahisi, na likifika bei yake haisemeki mbele ya mchuma chai. Riwaya inafika, kwenye simu. Kwa hiyo kijana wa Bumbuli anayezipenda habari hizi anazijua kwa maneno na picha, hana plastiki ya kugeuza mkononi, hajui njumu za begani zinavyokwaruza kidole. Kwake mwandishi ndiye bwana. Akimwona Horus anaona jeraha kabla hajaona chuma. Sidhani kwamba amepungukiwa.

Mtu atauliza: na riwaya ya Kiswahili je, imemvisha nani deraya? Jibu ni fupi na linashangaza kidogo. Utenzi ulivisha. Mwengo bin Athumani wa Pate, katika Chuo cha Herekali cha mwaka 1728, alipigana na majeshi ya Rumi kwa kalamu, na watunzi waliomfuata wakaendelea na Ali na majitu yake. Riwaya ilipokuja ilivua. Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui, Tanga, alibuni Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, mahali ambapo mwandishi mwingine angeweka meli za vita. Shujaa wake Karama anasimama kizimbani na silaha yake ni maneno. Katama Mkangi katika Walenisi ya mwaka 1995 anampandisha Dzombo chombo cha angani, lakini chombo hicho ni adhabu ya kifo, si kifaru. Riwaya yetu ilipotaka kupaa, ilipaa ili iitazame serikali kutoka juu. Nadhani sababu ni kwamba ilizaliwa ikiwa na kesi ya kusikilizwa, ya ukoloni kwanza na ya watawala wetu baadaye, na mtu mwenye kesi hana muda wa kupiga msasa mabega. Nailaumu kidogo kwa hilo. Imeacha uwanja mzima wazi.

Na uwanja huo una mali. Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy na kupigwa chapa kwa sehemu na misheni ya Magila kuanzia mwaka 1895, ina kila kinachotafutwa na wapenzi wa Warhammer: ukoo wenye asili ya kutisha, mwasisi aliyefukuzwa kwao, ndugu wanaopigana, mji uliochomwa. Mwasisi huyo, Mbegha, ni mwindaji kutoka Unguu. Anapanda milima hii na mbwa na mikuki, anaua nguruwe, anagawa nyama, anaua simba, anapita Bumbuli na kuketi Vugha akiitwa Simba Mwene. Akifa, kifo kinafichwa na mwanawe Bughe analetwa kutoka Bumbuli. Vizazi kadhaa baadaye, mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, bondeni kwenye njia ya misafara, na bunduki zilikuwa mikononi mwake. Dawa za Vugha zilikuwa kinga dhidi ya njaa, ukame na uchawi. Zilimfanya mfalme awe mwenye mvua. Hazikutengenezwa kwa ajili ya baruti, na kila aliyekaa mlimani alilipa gharama ya tundu hilo.

Wazee hawaisimulii habari ya Mbegha kwa namna moja. Steven Feierman aliyeichunguza kwa kitabu cha mwaka 1974 alikuta tofauti kubwa, na hapa kwetu utasikia mtu wa Bumbuli akimsahihisha mtu wa Vugha kwa ukali uleule wa mashabiki wa chapeo.

Anayetaka kumfinyanga Mbegha basi ana kazi. Mkuki unachongeka, mbwa wanachongeka, ngozi ya simba itapendeza begani. Lakini habari nzima inaanzia mahali ambapo patasi haifiki: Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa hilo ndugu zake wakamnyima urithi na kumfukuza. Mtu mzima meno yake yote yameshaota. Ukimchonga akiwa na mkuki mkononi, tundu lake halionekani. Ili lionekane itabidi achongwe akiwa mchanga, mikononi mwa mama yake, jino moja likichungulia juu, na sijui ni mchezaji gani atakayempanga huyo kwenye mstari wa mbele.